Oili ya Safari

Mtaani kwetu mume wangu hana jina. Wanamwita Mkwe. Muuza mkaa anamwita Mkwe, fundi viatu anamwita Mkwe, watoto wa jirani ambao hata kamasi hawajui kujifuta wanamwita Mkwe, na yeye anaitika. Mwanzoni nilidhani ni utani wa siku chache, watu watachoka wataacha. Wapi. Mwanamume anayeishi nyumbani kwa mama mkwe wake hapewi jina lingine. Hata akifanya jambo kubwa namna gani, watasema Mkwe kafanya.

Na hatukuja kukaa. Hilo naomba lieleweke, maana kuna midomo inayosema mume wangu alifuata nyumba ya watu. Tulikuwa na chumba chetu cha kupanga upande wa pili wa mji, yeye na pampu zake za maji anazotengeneza, mimi na cherehani yangu. Kisha baba yangu akafariki. Viti vya msiba havijarudishwa vyote, mama akapanda pikipiki ya kukodi kwenda sokoni, dereva akakata kona kama anakimbizwa, mama akaangukia nyonga. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nikamwambia mume wangu twende tukamuuguze mpaka asimame. Akasema twende. Mama alisimama, lakini kwa fimbo, na sisi hatukurudi tena. Chumba chetu akapewa mpangaji mwingine. Kitanda chetu tulikiuza kwa sababu hakikupita kwenye mlango wa mama. Binti yetu alizoea kulala na bibi yake, ukimtoa pale analia mpaka anapaliwa.

Tunalala kwenye chumba nilichokuwa nikilala nikiwa msichana. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anaamka kila asubuhi anatazamana na maua niliyoyachora ukutani nikiwa darasa la nne. Mlango wa chumba hicho hautokei uani wala barabarani. Unatokea sebuleni, na sebuleni kuna kiti cha mama karibu na dirisha, na kwenye kiti hicho yumo mama, mguu juu ya stuli, tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna namna ya kwenda chooni, kazini au popote pale bila kupita mbele yake. Mume wangu hukohoa kwanza. Ndiyo hodi yake. Nimeshamzoea kiasi kwamba akikohoa kwa mafua kweli namuuliza anataka kwenda wapi.

Nyumba yetu ina sheria zake kati ya mkwe na mama mkwe, na mama hazilegezi hata kidogo. Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Hatembei kifua wazi, hata joto likiwa la kukaangia mayai. Haingii jikoni. Na kubwa kuliko zote, hawasemeshani moja kwa moja. Maneno yanapitia kwangu. Tunaweza kuwa wote watatu sebuleni, magoti yakikaribia kugusana, na mama akasema, "Mwambie mumeo bomba la uani linavuja." Mume wangu amesikia, si kiziwi. Lakini anasubiri mimi nigeuke nimwambie, kisha ananiambia nimwambie mama kwamba atalitazama kesho. Siku moja nilitoka, mtoto yuko shule, nikarudi nikakuta sufuria la maharage limeungua, moshi umejaa mpaka barazani. Mama alikuwa amesikia harufu, lakini mguu ulikuwa umekaza, hawezi kuinuka. Mume wangu alikuwa barazani na harufu ameisikia, lakini jikoni haingii. Kila mmoja alikaa kwa heshima zake akisubiri mtu wa kumwambia mwenzake. Nilicheka huku nikikwangua, na mwisho nikalia.

Pikipiki ilikuwa ya baba. Alikuwa akisambaza vifurushi, mjini na vijijini, na hiyo pikipiki ndiyo iliyotulea. Ni kuukuu, tangi limebabuka rangi, kiti kimeshonwa na kushonwa tena kwa mkono wangu. Baada ya msiba mama alisema nimwambie mume wangu aitumie. Wakati ule tuliiona ni zawadi. Kumbe ndiyo kamba yenyewe. Kila Alhamisi mama anatakiwa hospitali kwa mazoezi ya nyonga. Kwenye gari hapandi, milango ikifungwa tu anatapika. Pikipiki ya kukodi ameapa hataigusa tena, na nani atamlaumu. Mimi kuendesha sijui. Kwa hiyo ni mume wangu na hakuna mwingine. Mama anakaa upande, miguu pamoja, na katikati yao wanaweka mto, mto mzima wa kulalia, ili mama mkwe asimguse mkwe mgongo. Mtaa mzima umeshauzoea ule mto. Na hospitali walituambia waziwazi kwamba mazoezi yakikatika mguu utakakamaa, na ukikakamaa mama hatainuka tena kutoka kitandani.

Nayasema haya yote ili mjue alikuwa amesimama wapi siku alipopigiwa simu ya kazi.

Ilikuwa kazi hasa. Shamba kubwa la umwagiliaji, mbali, safari ya kutwa nzima kwa pikipiki. Msimamizi wa huko alikuwa ameona pampu moja aliyoitengeneza mume wangu, akauliza fundi ni nani, akatafuta namba. Walitaka fundi wa kudumu wa mitambo ya maji, aje na vifaa vyake. Na kulikuwa na nyumba ya mfanyakazi, vyumba viwili, jiko na ua. Mume wangu alinisimulia kwa kunong'ona, maana kuta za nyumba yetu hazifiki juu na chafya ya huku inaitikiwa kule. Alinong'ona habari za pampu, habari za mshahara hakuzigusa sana, lakini alipofika kwenye nyumba sauti ilimponyoka. "Mlango wetu wenyewe," alisema. Nikamfunika mdomo kwa mkono.

Nikamuuliza, na mama? Akasema tumchukue. Nikamwambia kwa gari hafiki, na kwa pikipiki njia ile ndefu nyonga itaishia barabarani, na isitoshe mama ameshasema nyumba aliyojengewa na mumewe atatoka akiwa amebebwa. Akauliza, basi tufanyeje? Nikasema mimi mama yangu simwachi, mwisho wa habari. Nilisema kwa ukali, kwa sababu kunong'ona kunafanya hata neno dogo liwe na meno. Hakulitaja tena siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile. Nikadhani yameisha. Mimi naye.

Baada ya hapo mama akaanza kulalamikia pikipiki. Alisema nimwambie mume wangu kwamba kila akishika breki inainama mbele kama ng'ombe anayetaka kunywa maji, mto unabonyea, na yeye anasukumwa mgongoni kwa mkwe wake mbele za watu. "Mwambie nina heshima zangu," alisema. Mume wangu akaichunguza. Akanieleza, na mimi nikamweleza mama ambaye alikuwa amesikia, kwamba shida ni shokapu za mbele, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu. Ndani yake kuna springi na oili, na oili ndiyo inayoituliza springi isicheze inavyotaka. Ile oili haijabadilishwa tangu baba alipokuwa hai. Imekwisha nguvu.

Tulienda pamoja duka la vipuri. Mimi nilifuata sindano za cherehani duka la pili, nikamaliza haraka, nikamkuta bado amesimama kaunta na makopo mawili mbele yake. Muuzaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusuluhisha ugomvi, alikuwa akimweleza. Hii nyepesi, shokapu inakuwa laini, abiria anakaa raha, nzuri kwa mjini. Hii nzito, shokapu inakuwa ngumu, haizami hata ukiipakia, lakini mtu wa nyuma atahesabu kila jiwe. Kisha akamuuliza kwa kawaida tu, "Unabeba abiria au unabeba mizigo?"

Mume wangu alishika kopo moja, akaliweka, akashika la pili, kwa swali jepesi kama lile. Halafu akasema, "Mizigo," akachukua ile nzito.

Nikapandwa na hasira hapo hapo. Pikipiki ile ilikuwa haijabeba mzigo tangu baba afariki. Ilikuwa inambeba mama. Nikaona mume wangu amemwita mama yangu mzigo mbele ya mtu baki, tena kwa utulivu kabisa. Njia nzima nilimsema. Nilimwambia kama amechoka na mama yangu aseme, asije akamtangaza madukani. Aliendesha polepole akikwepa mashimo, na mimi nyuma nikimsema kisogo. Ningejua alichokuwa akimaanisha, ningenyamaza, au ningepiga kelele zaidi, sijui.

Kazi ya kubadilisha aliifanya Jumatano mchana, uani, chini ya dirisha la mama. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi, akasukuma gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Akalegeza vifuniko vya juu vya yale mabomba. Dirishani mama alikuwa ameshageuza kiti. Alikuwa amemshikia baba chombo cha oili miaka mingi, na hakuwa tayari kukaa kimya.

"Mwambie mumeo asiinamie kifuniko, springi itamtoa jicho."

Mume wangu alikuwa ameshajisogeza nyuma kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema nimwambie mama ahsante.

Chini kabisa ya kila bomba kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Akaifungua upande mmoja, kisha wa pili, na ile oili ya zamani ikatoka nyembamba na ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, inanuka samaki aliyesahaulika. Mama akasema nimwambie asukume gurudumu juu na chini mpaka itoke yote. Akasukuma. Mama akasema polepole. Akasukuma polepole. Majirani wawili walikuwa wamesimama ukutani kwao wakitazama, mmoja akasema leo Mkwe ana msimamizi, na mume wangu akatabasamu kama anavyotabasamu siku zote. Nilimwangalia lile tabasamu nikaona limechoka, na kwa mara ya kwanza nikatamani asingetabasamu.

Tulipima oili mpya kwa chupa ya maziwa ya binti yetu alipokuwa mchanga, ile yenye mistari. Baba naye alikuwa akipima kwa chupa yangu. Kila bomba linatakiwa kupata kiasi kilekile, upande mmoja ukizidi pikipiki inavuta upande. Mimi nilishika chupa nikiwa nimempa mama mgongo, mume wangu akamimina. Ilishuka taratibu, nzito, ya rangi ya asali, na nilichokiwaza ni kwamba itachukua siku nzima kumaliza kushuka.

"Muulize mumeo," mama akasema dirishani, "ameweka ile ya siku zote?"

Mume wangu alisimama na kopo mkononi. Akanitazama mimi, si dirisha. "Mwambie mama nimeweka nzuri."

Nikamwambia mama ameweka nzuri. Mama hakuuliza tena. Mume wangu akabonyeza usukani mara kwa mara mpaka hewa ikatoka, akapima kwa kijiti kina cha oili pande zote mbili, akarudisha springi na vifuniko, akafuta kila kitu kwa kitambaa, hata mahali ambapo hapakuchafuka.

Kesho yake Alhamisi wakaenda hospitali, mto katikati, kama kawaida. Mimi nilibaki na sare za shule ninazoshona. Waliporudi, niliisikia pikipiki inaingia uani, nikatoka kumsaidia mama kushuka. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu. Nikamshika mkono, nikamwelekeza mlangoni. Hakwenda. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, mahali ambapo hakai kamwe kwa sababu kuinuka hapo ni kazi, akashika fimbo kwa mikono miwili. Mume wangu alikuwa akifungua kofia ngumu. Nikasubiri mama aseme mwambie mumeo.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa akinitazama mimi. "Hii ni oili ya safari."

Mume wangu akabaki na kofia nusu kichwani. Sidhani kama alikuwa ameelewa kwanza kilichosemwa. Alikuwa bado anashangaa kwamba kimesemwa kwake. Akanigeukia, kwa mazoea, anisubiri nimpe yale maneno. Nami sikuwa na la kumpa.

Mama akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza habari za mboga. Alisema amekaa nyuma ya pikipiki ile tangu akiwa bi harusi na anaijua kwa makalio kuliko wengine wanavyoijua kwa macho. Alisema marehemu alikuwa akimwekea nyepesi wakiwa mjini, ile nyekundu ya gia za gari, na alipotaka kwenda vijijini na vifurushi vimefungwa mpaka juu ya tangi, aliweka nzito. Na kila alipoweka nzito bila kusema, kisingizio kilikuwa mashimo. "Yeye alikuwa anarudi," mama akasema. "Wewe unaondoka lini?"

Nilikuwa namtazama mume wangu nikiomba acheke, aseme mama umeota, aseme lolote.

"Jumatatu, mama," alisema.

Jamani. Neno lile lilinichoma. Si kwa sababu ya kazi, kazi niliijua. Ni kwa sababu alikuwa na siku, alikuwa ameshaipanga, ana Jumatatu yake mfukoni, na Jumapili angelala kando yangu akiwa nayo. Nikakumbuka duka na ile mizigo yake. Ilikuwa mizigo kweli, sanduku lake la vifaa juu ya tangi. Na mimi sikuwemo.

Nilidhani mama atamporomoshea matusi. Nilimtaka amporomoshee, nilikuwa nyuma yake kabisa. Badala yake alitikisa kichwa polepole. "Nenda," alimwambia. "Umekaa hapa vya kutosha. Nenda ukafunge mlango wako mwenyewe ukiwa ndani. Huyu akitaka kukufuata atakufuata, mimi sijamfunga. Na mazoezi yale nimeshayachoka, wananivuta mguu kama wanachuna mbuzi." Kisha akanyoosha mkono ainuliwe, na aliyemnyooshea ni mume wangu, si mimi. Mume wangu alisita, maana hajawahi kumgusa. Akamwinua. Mama akaingia ndani.

Chumbani nilimkabili kwa kunong'ona, na kunong'ona nusura kunipasue kifua. Nilimuuliza kama angeniaga. Alikaa kitandani chini ya yale maua yangu, mikono katikati ya magoti. Akasema hajui. Ningekubali uongo kuliko jibu lile. Nikamwambia aende basi, aende leo, asingoje Jumatatu, na nikasikia mama sebuleni anakohoa kidogo ili tujue tunasikika.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wema wa mama. Mama alikuwa ameanza kumsemesha na hakuacha. Mwanangu, kuna koti la mvua la marehemu kabatini, lichukue, huko hakukosi mvua. Mwanangu, ukifika utupigie simu wasiwasi utuishe. Alimwambia apite sebuleni bila kukohoa, yeye si askari wa zamu. Mume wangu alijibu ndiyo mama, ndiyo mama, akapita bila kukohoa, na nikaona anapita kwa shida kuliko alipokuwa akikohoa. Sanduku la vifaa lilikuwa barazani wazi, kila mtu analiona. Majirani waliniuliza Mkwe anakwenda wapi, nikawaambia wamuulize mwenyewe.

Jumapili mama alitaka kutuonyesha kwamba anaweza. Alishuka uani kwa fimbo, peke yake, akanikataza nisimshike, akatembea mpaka nyuma ya nyumba akiimba. Sisi tulikuwa barazani. Alipokata kona, wimbo ukakatika. Mume wangu alisubiri, kisha akanyata mpaka pembeni ya ukuta, nami nyuma yake. Mama alikuwa amejiegemeza ukutani kwa paji la uso, jasho linamdondoka kidevuni, ngumi imebana kwenye nyonga. Akajikaza, akavuta pumzi, akaanza wimbo upya kabla hajageuka. Tukakimbilia barazani kama watoto waliochungulia pasipofaa. Alipotokea akatuambia, mnaona? Mume wangu akasema tunaona, mama.

Jumatatu niliamka jua limeshatoka na kitanda kitupu. Nilipita sebuleni mbiombio, mama yuko kwenye kiti chake, uso dirishani, hakugeuka. Uani, pikipiki ilikuwa juu ya stendi. Gogo chini ya injini. Gurudumu la mbele linaning'inia. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando yake, na kwenye beseni ilikuwa inashuka ile oili mpya, rangi ya asali, safi, haijafanya kazi ya wiki. Pembeni alikuwa ameweka kopo la baba lililobaki stoo, nusu yake ina ile nyekundu.

Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga tangu Alhamisi. Yote yalinitoroka. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilimwona mgongo alivyokuwa ameukunja, na mtu hakunji mgongo vile kwa kazi ya skrubu mbili. Nikachukua ile chupa ya mistari, nikaishika. Akamimina upande wa kwanza. Nyekundu inashuka haraka, haikawii.

"Angenigombeza, ningeenda," alisema bila kuinua macho. "Angenitukana tu kidogo."

Tukamimina upande wa pili. Akafunga vifuniko, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa simu mfukoni, akampigia yule msimamizi wa shamba. Hakwenda pembeni. Alisimama hapo hapo, mbele yangu, mbele ya dirisha. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali, nilisikia inauliza sababu, inasema nyumba imeshafagiliwa, inasema mafundi wako wengi. Mume wangu aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Ni mama yangu," akasema. "Mguu. Hawezi kuachwa."

Yule mtu akauliza jambo jingine.

"Hapana," mume wangu akajibu. "Hana mtoto mwingine."

Akakata simu. Dirishani mama aliweka kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyenipa neno la kumpelekea mwenzake.